Bonde, Upinde na Dume Mzee

Jumamosi, 26 Oktoba

Leo Shangazi Arlys ametangaza vita, ingawa yeye anadhani alikuwa akimenya viazi tu.

Amesema, bila kuinua macho kutoka kwenye karai: bonde ni moja, wanaolitaka ni wawili. Mimi, Leif Haugstad, mtoto wa marehemu kaka yake, mhitimu wa falsafa kwa daraja la juu. Na Daktari Bruening, mng'oa meno wa mjini, aliyenunua shamba la jirani na sasa anataka kukodi bonde letu kwa miaka mitano. Nikimletea dume mzee kwa upinde kabla msimu wa bunduki haujaanza tarehe ishirini na tatu Novemba, bonde ni langu la kuwindia. Nisipomletea, au nikimwaga damu ya dume mdogo, ufunguo wa lango anapewa Daktari.

Nikamwuliza ni kwa misingi gani ya haki mtu afukuzwe katika bonde ambamo baba yake alikaa juu ya mwaloni kila vuli hadi mwaka aliokufa. Akajibu kwamba baba yangu alijua kukaa kimya. "Wewe, Leif, kulungu wote wa Wisconsin wanaijua sauti yako. Wanakusikia ukibishana na kindi."

Si kweli. Yule kindi ndiye aliyeanza.

Kwa faida ya vizazi vitakavyosoma: sisi wenye mashamba ya Mgongo, kilima hiki kirefu, tuna Mapatano. Haruhusiwi kuuawa dume ambaye hajatimiza miaka mitano. Wa mwaka mmoja na nusu anapita. Wa miwili na nusu anapita. Wa mitatu na nusu, mwenye pembe za kumtoa mtu roho, naye anapita, na wewe unabaki juu ya dungu lako mtini unatafuna glovu. Anayevunja Mapatano hawindi Mgongoni msimu mzima unaofuata. Shahidi ni meno: taya hufunguliwa mbele ya watu wote, na magego yaliyolika husema umri. Mwenyekiti wetu ni Mchungaji Gudrun Tveit, mfugaji wa ng'ombe na mchunga wa Walutheri, ambaye katika kazi zote mbili hana mzaha.

Ninayemtaka ni Askofu, dume ambaye pembe zake zimechongoka juu kama kofia ya kiaskofu. Shangazi humwita Mla Maboga. Daktari anadai ana miaka saba. Mimi, baada ya kusoma kila kilichoandikwa kuhusu shingo, mgongo na tumbo la kulungu, nimethibitisha ni mitano. Tulibishana hadi kahawa ikapoa. Akaniita Profesa. Alikusudia tusi; nimelipokea kama cheo.

Jumanne, 29 Oktoba

Vita hivi hushindwa kwa pua. Kulungu husamehe mtu anayeonekana, hamsamehi anayenuka. Kwa hiyo nimeacha sabuni. Nguo zote za kuwindia nimezifua kwa magadi soda na kuzifungia katika pipa pamoja na majani makavu ya mwaloni. Nimeacha kahawa, vitunguu na jibini. Kuacha jibini katika nchi hii ni kama kuacha dini.

Shangazi anasema nanuka kama chumba cha kuhifadhia viazi. Nikamweleza kuwa hilo ndilo lengo. Akasema basi nile huko.

Nimekutana na Daktari katika duka la chakula cha mifugo. Akaninusa hadharani, kama farasi. Akasema yeye hahangaiki na mapipa. Upepo ukiwa mbaya anabaki nyumbani na brandi yake. Nikamwonyesha makosa matatu katika kauli hiyo. Nilipofika la pili, mwenye duka akaniuliza kama kuna kitu nanunua.

Jumapili, 3 Novemba

Hujuma!

Jana ilikuwa karamu ya lutefisk kanisani. Samaki mkavu huloweshwa katika magadi makali hadi anakuwa kama ute, kisha huchemshwa hadi wasiokuwa Walutheri wanakimbia mtaa. Shangazi akaniamuru nihudumu. Nikapinga: harufu hiyo hukaa mwilini siku tatu. Akasema anayetaka bonde lake atahudumia kanisa lake.

Daktari alikaa meza ya mbele. Kila nilipokaribia mlango alipaza sauti. "Profesa, siagi! Profesa, sahani nyingine ya samaki! Njoo hapa karibu, mwanangu, sikusikii!" Nikabaini kitu cha kutisha: hakuwa anakula. Sahani yake ilikuwa imejaa. Alikuwa ananifukiza mvuke.

Nilioga mara nyingi. Nilijisugua kwa majani. Leo alfajiri nilipanda dungu, upepo kutoka kaskazini magharibi, safi kama uliotengenezwa kwa ajili yangu. Ukungu ukaanza kuinuka. Jike mmoja akaja na watoto wake wawili, taratibu, wakila njugu za mwaloni. Na nyuma yao, ndani ya vichaka, zikasikika hatua nyingine. Nzito. Hatua moja, kimya. Hatua moja, kimya. Nikaushika upote wa upinde.

Jike akasimama. Akainua pua. Akanitazama usoni kwa macho ambayo nimeyaona kwa Wamethodisti tu, wale wanaopita nje ya karamu yetu. Akapuliza pua kwa kishindo kama cha trekta bovu. Bonde zima likawa tupu.

Zile hatua nzito sikuzisikia zikiondoka. Ndivyo waondokavyo wazee.

Tangu jana sijaongea na Daktari. Hajagundua bado.

Alhamisi, 7 Novemba

Jambo kubwa. Naliandika polepole ili lisipungue.

Asubuhi, baridi ya kupasua meno, dume akaja mbio akifuata harufu ya jike, kichwa chini, akigumia kama nguruwe. Akasimama chini ya dungu langu, karibu kiasi kwamba ningeweza kumdondoshea kofia. Pembe za ncha nane, nyeupe kama maziwa. Mvuke ulimtoka puani. Nikavuta upinde. Ndiyo, nilivuta. Nikaona shingo nyembamba, tumbo lililobana, miguu mirefu kama ya mvulana aliyevaa suruali ya mwaka jana. Miaka miwili na nusu.

Hakuna aliyekuwa akiniona. Nikafikiri: akiachwa, miaka mitatu ijayo atakuwa mfalme wa bonde hili. Nikafikiri pia: miaka mitatu ijayo bonde litakuwa la nani? Nikaulegeza upinde taratibu, na yule bwana mdogo akaondoka akitingisha mkia mweupe, wala hakujua kuwa alikuwa amefufuka.

Sijawahi kujiheshimu kiasi hiki. Nilikwenda moja kwa moja duka la chakula cha mifugo kuwasimulia wote waliokuwepo, na waliokuja baadaye, na Daktari, aliyeingia kununua chumvi. Akasema kwamba yeye msimu huu amewaacha wengi tu. Nikamwambia kuwaacha kwa mazoea si fadhila. Fadhila huhitaji mapambano ya ndani. Akasema mapambano ya ndani aliyapata kwa harufu ya ule samaki.

Jumamosi, 9 Novemba

Mkakati mpya. Madume sasa wanapigania majike. Ukigonganisha pembe mbili kavu, dume mkubwa anayesikia hudhani vijana wanapigana katika himaya yake, huja kuwaadhibu. Ni saikolojia tu.

Nikagonganisha. Nikasaga, nikatulia, nikagonganisha tena. Msitu ukanyamaza. Kisha kutoka upande wa uzio: kijiti kikavunjika. Tena. Kitu kizito kilikuwa kinanyata dhidi ya upepo, sawasawa na dume mzee anavyonyata. Nikasimama bila sauti. Majani ya chini yakatikisika. Nikavuta upinde hadi shavuni, nikingoja bega litokeze.

Likatokeza bega la Daktari Bruening.

Alikuwa anatambaa kwa magoti, uso umepakwa masizi, akizifuata pembe zangu. Nikaushusha upinde. Tukagombana kwa kunong'ona, mimi juu, yeye chini.

Nikamwuliza anafanya nini upande wetu wa uzio. Akanong'ona kwamba alidhani wanapigana madume wawili wa maana. "Mbona unagonga kama mtu anayepanga masufuria?" Nikanong'ona kwamba yeye ndiye aliyedanganyika na hayo masufuria. Akanong'ona kwamba ningeweza kumwua. Nikanong'ona kwamba kwa sura na umbo nilimkadiria zaidi ya miaka mitano, hivyo Mapatano yangeniruhusu. Hapo akasahau kunong'ona.

Msitu wa kaunti nzima ulitusikia. Hakutoka kulungu hadi jioni.

Jumanne, 12 Novemba

Muda unakwisha. Nahitaji chambo.

Uani kwa Shangazi kuna kulungu wa sponji, shabaha ya mazoezi, ametobolewa kama chujio. Nimeziba matundu kwa udongo. Nimezikata pembe zake zikabaki ncha fupi mbili, aonekane kijana asiyejua adabu. Dume mzee hawezi kuvumilia kijana wa namna hiyo katika uwanja wake. (Najua hisia hiyo inavyofanya kazi. Nimeishi chuoni.)

Nimemsimika mpakani, huenda hatua chache upande wa Daktari. Mpaka, ukiutafakari vizuri, ni dhana.

Kabla giza halijaingia ukungu ulishuka mzito. Kwenye dungu langu sikuona hata mikono yangu. Nikasikia upote ukilia, mbali kidogo. Tap! Kisha mguno wa mtu anayefurahi. Kisha kimya kirefu mno.

Jumatano, 13 Novemba

Nimekwenda alfajiri. Sponji wangu amesimama vile vile, imara kama askari wa gwaride. Mshale umezama nyuma ya bega. Manyoya ya mshale: kijani na machungwa. Katika Mgongo wote ni mtu mmoja tu anayetumia rangi hizo.

Daktari Bruening amepiga mshale kumwua dume wa mwaka mmoja na nusu!

Nilikaa juu ya gogo nikicheka peke yangu hadi kunguru wakaondoka. Kisha nikampigia simu Mchungaji Tveit, nikamwomba aitishe kikao.

Jumapili, 17 Novemba

Siku ya ushindi. Kikao kilifanyika baada ya ibada, katika banda la matrekta la Mchungaji, chini ya ukuta wenye mikia ya mashati. (Anayekosa shabaha hukatwa mkia wa shati, ukapigiliwa ukutani. Yangu iko minne. Miwili ni ya hariri.)

Nilimweka sponji katikati, mshale ukiwa bado mwilini. Daktari akajitetea kwanza kwamba alimtambua ni sanamu akampiga kwa mazoezi. Nikauchomoa mshale, nikauzungusha mbele ya watu. Kigumba cha wembe, cha kuulia! Nani katika Mgongo huu hufanya mazoezi kwa kigumba cha wembe? Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hapo kakukamata, Daktari."

Akageuza hoja. Akasema sanamu haina umri. Hakuna kulungu mdogo aliyekufa. Mapatano yanasema kuua, na yeye hakuua kitu. Taya liko wapi? Lifunguliwe basi!

Watu walicheka. Hoja hiyo ndiyo niliyokuwa naingoja. Nikasema kosa halikai kwenye mwili wa kulungu, linakaa moyoni mwa mwindaji. Aliyevuta upinde akidhani mbele yake yuko dume mdogo amekwisha kuyavunja Mapatano, hata kama mbele yake liko gunia. Nia ndiyo kosa. Matokeo ni bahati tu. Nikaongeza mengine, kwa muda. Nilipomaliza, Mchungaji akasema kwamba amehubiri jambo hilo hilo miaka ishirini na hakuna aliyemsikiliza. Akahukumu: nia ndiyo kosa. Daktari hawindi msimu ujao.

Daktari alikuwa mwekundu kama nyanya. Nilimpa mkono. Hakuuona.

Nikiwa njiani kurudi nikamwuliza Shangazi kama sasa bonde ni langu. Akasema Daktari atasubiri mwaka mmoja, amezoea kusubiri, na sharti lake liko pale pale. "Umeleta sponji, Leif. Mimi nilisema dume mzee."

Jumatano, 20 Novemba

Askofu amekufa.

Lori la maziwa. Barabara ya kaunti, kwenye kona ya kanisa, mchana kweupe, akimfuata jike.

Nilipofika Daktari alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amevua kofia. Nikavua yangu. Tulisimama pale tukizitazama zile pembe, moja imevunjika. Miaka yote hiyo watu wa Mgongo walimpitisha: alipokuwa na ncha nne, alipokuwa na ncha nane, kila mmoja akiushusha upinde wake kwa uchungu, ili siku moja aje kukutana na tairi. Daktari alijipangusa macho akasema ni baridi. Nikasema ndiyo, ni kali.

Kisha akapiga magoti akamfungua mdomo. Saba, akasema, kama alivyosema tangu mwanzo.

Nikamwambia gego moja halitoshi kuwa ushahidi. Akavaa kofia, akaenda zake.

Zimebaki siku mbili. Dume mzee mwingine simjui.

Ijumaa, 22 Novemba

Sijui niandikeje. Naandika.

Nilikaa bondeni tangu alfajiri. Theluji nyembamba. Mchana majike wawili, baadaye hakuna. Vidole vya miguu sikuvihisi. Kesho bunduki. Kila nilipofumba macho nilimwona Daktari akifungua lango letu kwa ufunguo wetu, akipanda mwaloni wa baba.

Jua likagusa mlima. Mwanga halali wa kuwinda ulikuwa unaisha. Ndipo akatoka.

Peke yake, kutoka kwenye mierezi, hatua baada ya hatua, akisimama kila mara kusikiliza. Dume. Ncha sita tu, nyembamba kama sindano za kufumia. Shingo nyembamba. Tumbo limepanda. Mgongo umenyooka. Kila alama niliyoisoma katika kila kitabu ilisema neno moja: mitatu na nusu. Mwache.

Nikasema moyoni, mwache. Akakaribia. Nikasema tena. Akasimama akinipa ubavu wazi, pale ambapo baba angesema hata kipofu hakosi. Akageuza kichwa kutazama alikotoka. Mwanga ulibaki wa kuhesabu pumzi.

Sikumbuki kuvuta. Nakumbuka shavu langu likigusa upote. Nakumbuka nikiwaza: ni mdogo, na ninajua ni mdogo. Kisha mkono ukafunguka.

Hakwenda mbali. Nilimkuta kwenye theluji ametulia. Sikumtazama usoni. Sikumfungua mdomo, sikuweza. Nilikaa kando yake hadi Shangazi akaja na sleji ya kuburuta kwenye theluji kumvuta, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, yeye ndiye aliyeuliza maswali na mimi nikanyamaza. Alipouliza, "Mzee?" nikasema tutaona kesho.

Baada ya chakula nimejirudi. Nimekaa mezani nikaandaa utetezi. Una sehemu nne. Ni mzuri mno.

Jumamosi, 23 Novemba

Milio ya bunduki tangu alfajiri, milima yote. Adhuhuri watu walikusanyika katika banda la Mchungaji, wote wamevaa fulana za rangi ya machungwa, wananuka baruti na kahawa. Dume wangu alilala juu ya turubai. Wakamtazama, wakatazamana. Mtu akasema kwa upole, "Kadogo, eeh."

Mchungaji akauliza, kama desturi, iwapo kuna mwenye neno kabla taya halijafunguliwa. Hakuna aliyewahi kuwa na neno. Nikasimama. Nilihisi Shangazi akinivuta koti kwa nyuma.

Nikasema Mapatano yaliwekwa kwa ajili ya kulungu, si kulungu kwa ajili ya Mapatano. Nikakiri wazi, maana mimi si mtu wa kujificha nyuma ya ukungu: nilimwona, nilimkadiria miaka mitatu na nusu, nikaachia mshale nikijua. Kisha nikaeleza kwa nini kila sheria yenye hekima huacha mlango kwa mtu aliyebanwa. Sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili. Katika sehemu ya tatu nilisikia mtu akipiga miayo. Nikahitimisha kwa baba yangu. Watu waliinamisha vichwa. Nadhani niliwagusa.

Daktari akapiga magoti na tochi yake ndogo. Akafungua mdomo. Akaingiza kidole. Akamwita Mchungaji, naye akapiga magoti.

Magego hayakuwepo. Yaani yalikuwepo, lakini yamelika hadi kwenye fizi, laini kama kokoto za mtoni. Miaka tisa, akasema Daktari. Labda kumi. Mzee aliyepita kilele, akakonda, pembe zikarudi nyuma mwaka hadi mwaka. "Kama nywele zangu," akasema, na sauti yake ilikuwa na heshima. Taya kongwe kuliko yote yaliyowahi kufunguliwa Mgongoni.

Banda likalipuka! Nikapigwa mgongoni, nikakumbatiwa na watu ambao majina yao siyajui. Kwa pumzi moja nzima, bonde lilikuwa langu.

Mchungaji akainua mkono. Akasema ana shida. Jumapili iliyopita tuliamua nia ndiyo kosa. Na Leif mwenyewe ametuambia sasa hivi, bila kuulizwa, kwa urefu, nia yake ilikuwa nini.

Watu wakanigeukia.

Ndipo likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Daktari Bruening akasimama kunitetea. Akasema taya halisemi uongo. Mapatano yanakataza kuua dume mdogo. Huyu si mdogo. Basi kijana hana kosa, hata awe aliwaza nini kichwani mwake. "Na tukikubaliana hivyo, jamani, hata mimi niliyepiga sponji sina kosa. Tufute yote mawili, twende tukanywe." Watu wakaitikia ndiyo, ndiyo. Hata uso wa Mchungaji ulilainika. Akanigeukia akauliza kama ninaafikiana na Daktari.

Neno moja lilitosha. Nililijua. Shangazi alikuwa ananitazama, midomo ameibana, akitikisa kichwa polepole, polepole, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse jiko. Ningesema ndiyo, bonde lingekuwa langu, na baba angepumzika.

Lakini ile hoja! Ilichanganya tendo na matokeo. Iliruka hatua nzima ya katikati. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeona aibu kuitamka. Ningewezaje kunyamaza?

Nikaibomoa. Nilianza na msingi, nikapanda hadi paa. Nilionyesha kwamba tukiipokea, mwindaji kipofu anayerusha mishale ovyo ni mwadilifu kuliko mwangalifu aliyekosea. "Kaa chini, Profesa," akasema Daktari, ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Kaa chini, mwanangu. Nakusihi." Sikukaa. Alipojaribu kujibu nikamfunga mdomo kwa mfano wa gunia.

Mchungaji akauliza kama nimemaliza. Nikaomba nyongeza fupi.

Kisha akahukumu: kwa hoja ya Leif Haugstad, Daktari Bruening hawindi msimu ujao. Na kwa hoja hiyo hiyo, Leif Haugstad hawindi msimu ujao.

Shangazi alitoa ufunguo wa lango mfukoni. Akanitazama. Akamtazama Daktari. Akaurudisha mfukoni, akafunga kifungo. Akasema mwakani atakaa bondeni mwenyewe, maana Mgongo huu umebakiwa na mtu mmoja tu anayejua kufunga mdomo.

Jumapili, 24 Novemba

Nimetafakari usiku kucha na sioni nilipokosea.

Ukweli ni kwamba mjadala niliushinda. Leo kanisani hakuna hata mmoja aliyethubutu kunipinga. Kila nilipokaribia kundi, kundi lilitawanyika. Mchungaji alihubiri juu ya kiasi. Nilimngoja mlangoni nimweleze pengo lililo katika hoja yake ya pili, akatokea mlango wa nyuma. Daktari alinipa mkono, akashika wangu kwa muda, akasema katika miaka yote ya kung'oa meno hajawahi kukutana na mgonjwa aliyemnyang'anya koleo na kujing'oa mwenyewe. Nikamwambia mfano huo una udhaifu. Akasema anajua.

Mchana, baada ya kuosha vyombo, Shangazi Arlys alinionea huruma. Amesema mwakani naweza kwenda naye bondeni, bila upinde, nikae kando yake juu ya mwaloni wa baba, kwa sharti moja tu: nisitamke neno.

Nimekubali bila kusita. Nimemwomba tu anipe nafasi kidogo baada ya chakula, nimwonyeshe kwa nini sharti hilo lina kasoro tatu.